Mama Hodi na Karakana ya Majokofu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mkuu wa Idara ya Utafiti wa Ujuzi na Ajira anastaafu baada ya kuitumikia taasisi yetu kwa miaka thelathini na minne. Wasifu huu ulitakiwa kumfikia mhariri wa jarida wiki iliyopita. Haukufika, na lawama zisimwangukie mwandishi. Kuna jibu moja tunalolingoja kutoka chuo cha ufundi, na bila jibu hilo hatujui habari ya mama huyu tuimalizie wapi. Mhariri amepiga simu asubuhi, akapiga tena kabla ya chai, na sauti yake inazidi kupanda. Basi tuanze tu, huenda jibu likatukuta njiani.

Jina lake la kwenye vyeti liko ukurasa wa mbele wa programu ya sherehe ya kumuaga, kwa herufi kubwa na picha ambayo yeye mwenyewe anadai si yake. Humu ndani tutamwita tunavyomwita siku zote, yaani Mama Hodi. Jina hilo alipewa na dereva wa idara, ambaye amemzungusha mitaani tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi. Dereva husema kazi yake si kuendesha gari, ni kukaa nje ya nyumba za watu akisikiliza mama akipiga hodi, mlango baada ya mlango, mpaka mtaa uishe.

Aliingia hapa akiwa mtafiti msaidizi, mwembamba, na viatu vya kisigino alivyoviacha chini ya meza kabla mwezi haujaisha. Kazi aliyopewa ilikuwa kusoma mitaala na kuandika muhtasari. Kukaa kulimshinda. Mkuu wake wa wakati ule alimhamishia meza ya dirishani akidhani hewa itamtuliza, na hapo ndipo alipoharibu kila kitu. Dirishani Mama Hodi aliona watu wakipita na ngazi, na mabomba, na mashine za kushonea begani, akaanza kujiuliza kila mmoja alijifunza wapi anachokifanya. Kujiuliza hakukumtosha. Alishuka ngazi akaenda kuwauliza, na tangu siku hiyo idara yetu haijawahi kukaa tena.

Tunasema hivyo kwa maumivu ya miguu. Mama Hodi ni kiguu na njia hata akiwa ndani ya jengo. Vikao vyake hufanyika ukumbini, yeye akitembea na wanaohudhuria wakimkimbilia nyuma, na mwenye hoja nzito huitoa akihema. Mhasibu wetu aliwahi kuomba kikao cha bajeti na hoja yake ikashinda, lakini kwa mbio zile suruali ikamvuka. Kiti cha mkuu wa idara kilinunuliwa alipopandishwa cheo. Mpaka leo kina nailoni mgongoni, kwa sababu wanaokikalia ni mafaili na wageni.

Nyumbani hali ni hiyo hiyo. Siku ya harusi ya binti yake, mpiga picha alipanga familia mbele ya jukwaa, akahesabu, akagundua mama wa bibi harusi hayupo. Alitafutwa jikoni, akatafutwa kwa wageni wa kiume, akakutwa nyuma ya spika akimhoji kijana wa muziki ni nani aliyemfundisha kuunganisha nyaya zile. Picha ipo ukutani kwao, na kwenye kona kuna pengo. Mumewe, ambaye sisi sote humu tunamwita shemeji, hupenda kuwaonyesha wageni pengo hilo na kuwaambia kwamba huyo ndiye mke wake.

Tumecheka vya kutosha. Sasa lazima tuseme habari ya karakana, kwa sababu yeye mwenyewe ametukataza kuandika wasifu wake bila hiyo, na kwa sababu jibu tunalolingoja linahusu hapo hapo.

Utafiti wa kwanza aliouongoza yeye ulihusu wahitimu wa chuo cha ufundi. Bodi ya chuo ilitaka kujua karakana zipi zinaleta ajira na zipi zinakula nafasi bure. Mama Hodi alikuwa kijana, ana moto, anataka kuonyesha kwamba anaweza. Aliandaa kikosi chake vizuri na kukipa maagizo kwa mkono wake. Watoke asubuhi watu wakiwa wachangamfu, wafunge kazi kabla ya jua kuwa kali. Wakimkosa mhitimu nyumbani, wasipoteze muda, waende kwa anayefuata. Kikosi kilienda shoti. Kazi ikamalizika mapema kuliko ilivyopangwa, na mkurugenzi akawapongeza mbele ya watu.

Matokeo yalikuwa mabaya kwa karakana ya majokofu kuliko zote. Kati ya mafundi friji waliokutwa na kuhojiwa, karibu wote hawakuwa na kazi. Bodi ilisoma, ikatikisa kichwa, ikaifunga karakana kabla muhula haujaisha. Walimu wakatawanywa, vifaa vikagawanywa, na chumba kikajazwa madawati mabovu. Mlangoni likawekwa kufuli.

Baada ya hapo ikaja Jumapili moja. Kulikuwa na mtaa mmoja ambao kikosi hakikuufikia kwa sababu mvua ilikuwa imekata njia. Ripoti ilikuwa imeshakabidhiwa na hakuna aliyeuhitaji mtaa ule tena. Ila Mama Hodi hakuweza kukaa nyumbani huku akijua kuna milango haijagongwa. Alimtoa dereva kitandani, wakaenda. Mlango wa kwanza, mama mtu alisema mwanawe amelala, asiamshwe, maana wiki nzima amekuwa kazini na leo ndiyo siku yake ya kupumzika. Mlango wa pili, hali ni hiyo hiyo, kijana yuko na wanawe, kesho alfajiri anaondoka kwenda kufunga mitambo ya baridi kwenye machinjio. Mlango wa tatu, kijana alikuwa uani anafua ovaroli zake za kazi, tatu kwa mpigo. Alipoulizwa kama amesikia habari za watafiti, alisema walipita mtaa wa jirani kwa mafundi wenzake, wenyewe wakiwa kazini. Kisha akauliza bila ubaya wowote, "Sasa nyie mlikuja saa za kazi, mlitegemea kumkuta nani?"

Dereva anasimulia kwamba Mama Hodi alirudi nyuma mpaka kwenye kizingiti, akaketi. Dereva alikuwa hajawahi kumwona akiketi kazini kabla ya siku ile, akadhani mama ameugua, akaenda kumwombea maji. Kumbe alikuwa anaelewa walichofanya. Walikuwa wametoka saa za kazi kwenda kutafuta wenye kazi majumbani. Waliowakuta ndio waliobaki, na hao ndio waliowaandika. Wenye kazi wote waliwaruka, kwa maagizo yake mwenyewe.

Jumatatu alikuwa mlangoni kwa mkurugenzi kabla mwenyewe hajafika. Mkurugenzi alimshauri kama mtu anayemtakia mema. Kosa lirekebishwe kimya kimya kwenye toleo lijalo, kwa maandishi madogo, na maisha yaendelee. Mama Hodi alikataa. Aliomba ruhusa ya kurudia mitaa yote jioni na siku za mapumziko, akairudia, na matokeo yakageuka juu chini. Karakana ya majokofu ndiyo iliyokuwa ikitoa vijana wenye kazi nyingi kuliko zote. Akaenda mbele ya bodi, akasimama, akasema ripoti ile haifai na aliyeiharibu ni yeye.

Bodi ilimshukuru kwa uungwana wake. Ikasema karakana ndiyo imeshafungwa, walimu wameshahama, lakini suala hilo italitazama. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa inalitazama. Kama kutazama kungekuwa ajira, bodi ile ingekuwa na ujuzi wa hali ya juu.

Kutokana na aibu ile ndipo ilipopatikana kanuni ambayo leo watafiti wa taasisi nyingine wanakuja kujifunza kwetu. Tunaiita hodi ya jioni. Mtu akikosekana, harukwi. Anarudiwa jioni, anarudiwa siku ya mapumziko, na kama kahama anafuatwa alikohamia. Kwa kanuni hiyo Mama Hodi alianzisha utafiti mkubwa uitwao Waliopita Hapa, unaowafuata wanafunzi wale wale tangu wakiwa darasani mpaka wanapata wajukuu, kuwauliza kila mwaka wanafanya nini na walijifunzia wapi. Matunda yake yanajulikana. Wanafunzi wa sekondari sasa wanakwenda kwa mafundi kabla ya kumaliza shule. Wasichana waliruhusiwa kuingia kwenye karakana za umeme baada ya yeye kuonyesha kwamba waliozuiwa walikuwa wameshajifunza kwa kaka zao uani. Na siku hizi kila anapokuja mgeni na picha za mashine, akitangaza kwamba kazi hii itakufa na ile itakufa, Mama Hodi humwacha amalize, kisha anamuuliza swali ambalo sisi tumeshalikariri, "Hao watu uliwakosa, au walikuwa kazini?" Wageni wengi hunywa maji hapo.

Swali hilo ametuuliza sisi pia, na si kwa upole. Mwandishi wa mistari hii aliwahi kuleta jedwali safi, limenyooka, halina pengo hata moja. Alidhani atasifiwa. Mama Hodi aliliangalia jedwali akaliangalia tena, akasema maisha ya watu hayanyooki namna hiyo, akamrudisha mitaani na viatu vyake vipya kwenye matope.

Lakini sifa zote hizo hazikumtuliza. Kuna mwaka hodi ya jioni ilimfikisha kwa muuguzi wa zahanati moja, ambaye alimsimulia jinsi friji ya chanjo ilivyozimika na fundi akatafutwa kila mahali. Aliyepatikana alikuwa na foleni ya watu, na alipofika chanjo zilikuwa zimeharibika. Akina mama walirudishwa na watoto wao mgongoni. Muuguzi alisema mafundi friji wamekuwa adimu, wazee wanaisha na vijana hawafundishwi popote. Hakujua anamwambia nani.

Tangu hapo hakuacha kuigonga bodi. Wenyeviti walibadilika, naye alimpokea kila mpya kwa habari ile ile. Alipigwa danadana mpaka sisi vijana wake tukamsihi aachane nayo, kwamba ameshalipa vya kutosha. Alitujibu kwamba anayelipa si yeye. Mwaka jana chuo kilipata mkuu mpya, ambaye, wa kwanza katika wote, aliomba funguo na kwenda kukiona chumba. Alitoka na utando wa buibui kichwani na ahadi kwamba atalipeleka suala mbele ya bodi. Kikao kikapangwa, akidi haikutimia. Kikapangwa tena, mwenyekiti akasafiri. Kikapangwa cha tatu, wiki hii hii ya kustaafu kwa Mama Hodi.

Mwenye kutaka kujua wiki hii imekuwaje na aje aiangalie sakafu ya ukumbi wetu. Mama Hodi ameipiga doria kutoka mlango hadi mlango roho ikiwa juu. Alikabidhi funguo za ofisi, akaziomba tena, akazikabidhi, akasahau miwani ndani, akaziomba tena. Simu ya mtu yeyote ikilia, anageuka. Tumejaribu kumpigia hadithi, hasikii. Sisi wenyewe hatufai. Anayeandika haya ameshakunywa chai isiyo na idadi na amefuta mwisho wa wasifu huu kila alipouandika.

Huko nyumbani shemeji alikuwa amemwandalia zawadi. Shemeji ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu zamani, mtu wa subira, na amemngoja mkewe kwa miaka mingi aje wakae pamoja. Amenunua kiti kikubwa cha kuegemea, chenye mahali pa kunyanyulia miguu, akakiweka sebuleni karibu na dirisha. Mama Hodi alikiangalia kiti kile kama mtu anavyokiangalia kiti cha daktari wa meno. Jumatatu, akiwa katikati ya doria yake, alisimama ghafla akatuambia kitu ambacho hatukukitarajia kutoka kwake. Alisema anaogopa. Anaogopa kuondoka na mlango ule ukiwa na kufuli aliloliweka yeye. Na anaogopa kwamba asubuhi moja mtafiti kijana atapiga hodi, atamkuta kwenye kiti kile, na atamwandika kwamba hana kazi. Hakuna aliyecheka.

Hayo ya juu tuliyaandika juzi; leo mhariri amepiga tena. Safari hii hatukuudhika, kwa sababu tuna la kumwambia.

Bodi iliketi jana mchana. Mkuu wa chuo hakutuma mtu, alipiga simu mwenyewe, na Mama Hodi aliipokea akiwa amesimama katikati ya ofisi. Tulikuwa mlangoni sote, tukijifanya tuna shughuli. Alisikiliza. Akasema ndiyo, akasema ndiyo tena, akashukuru. Kisha akaenda kwenye kile kiti chenye nailoni, akayaweka mafaili chini moja moja, akaketi. Dereva alivua kofia. Yeye peke yake ndiye aliyewahi kuona jambo hilo kabla.

Karakana inafunguliwa muhula ujao. Madawati yameanza kutolewa. Masomo yatakuwa ya jioni, maana bodi safari hii imekubali kwamba wengi wanaotaka kujifunza wako kazini mchana. Na mwalimu mkuu wa karakana atakuwa yule kijana wa mlango wa tatu, mwenye ovaroli, ambaye siku hizi ana mvi na ofisi yake mwenyewe ya ufundi. Alipoulizwa na chuo, alisema atakuja, mradi asipangiwe saa za kazi.

Mama Hodi alilia, na sisi tukalia, na mhasibu ambaye hajawahi kukiri kwamba anampenda alikwenda kulilia chooni. Alipotulia alituambia tusimpambe sana Ijumaa. Vijana wa miaka yote ile waliokuta kufuli hawatarudishiwa muda wao, na hotuba haitalibadilisha hilo. Tumemsikia, na tumeliandika hapa kama alivyotaka. Kisha akainuka, akampigia mkuu wa chuo simu ya pili. Alikuwa na swali dogo. Je, bodi imeweka ukomo wa umri kwa wanafunzi? Mkuu alidhani anauliza kwa ajili ya utafiti, akasema hapana, wamesahau kabisa kuweka. Mama Hodi akamwambia asiwakumbushe.

Ndiyo maana mwanafunzi wa kwanza kujiandikisha karakana ya majokofu, baada ya kufungwa miaka yote hiyo, ni mwanamke mstaafu mwenye shahada tatu na magoti mabovu. Alikuwa akituhubiria kwamba wafanyakazi wa kesho ni wale watakaokubali kuanza upya wakiwa watu wazima. Tulidhani anasema juu ya watu wengine. Shemeji amepokea habari hiyo kwa utulivu wake wa siku zote. Ameomba jambo moja tu, kwamba friji ya nyumbani isiwe ya kwanza kufanyiwa mazoezi.

Tunamshukuru shemeji kwa kutuazima mke wake muda mrefu kiasi hiki, na kwa kutotudai tumrudishe mapema. Tunawashukuru watoto waliolelewa na mama aliyewauliza walichojifunza kabla ya kuwauliza kama wameshiba. Tunakushukuru wewe, Mama, kwa kuturudisha mitaani kila tulipojaribu kukaa, na kwa kutuonyesha mtu anavyobeba kosa lake hadharani bila kulitua kwa mwenzake.

Idara imekaa, yaani imetembea, na kupitisha uamuzi. Kuanzia mwaka huu jina lako limeingizwa kwenye Waliopita Hapa. Tutakufuata kila mwaka kama tunavyowafuata wengine, tukuulize unafanya nini na umejifunzia wapi. Tutakuja jioni, kama kanuni yako inavyotaka, na jioni wewe utakuwa karakanani. Tutamkuta shemeji peke yake kwenye kile kiti kikubwa, miguu juu.

Tunakutakia afya, miguu isiyochoka, na nyumba isiyokupata kwa urahisi. Tutapiga hodi, Mama. Tutakukosa. Na tutaandika kwamba uko kazini.